Tumbo la Mshauri Huru

Ipo nchi, aliyefika anajua ipo, na asiyefika asifanye haraka. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wa kutosha na wengine wa akiba. Na huko riba ya mikopo haipangwi ovyo kama kwingine, ambako watu hujifungia chumbani wakabishana kwa tarakimu. Huko riba hufuata uzito wa Gavana wa Benki Kuu.

Kila Jumatatu Gavana huletwa uwanjani kwa matarumbeta, akapandishwa juu ya mizani iliyokuwa ya kupimia magunia ya pamba. Akiongezeka, riba hupanda nchi nzima. Akipungua, riba hushuka. Ndivyo ilivyoandikwa, na anayeona ajabu akaulize kwao riba hupangwaje, kisha arudi atueleze kama ameelewa.

Ila kule kushuka kulikuwa kwa maandishi tu. Tangu ateuliwe, Gavana hakuwahi kupungua hata kwa homa.

"Ndugu wananchi," alisema Jumatatu moja, akihema juu ya mizani, "wako wanaozusha kwamba nimenenepa. Huo ni upotoshaji. Uchumi ndio uliopanuka, nami kama mtumishi mwaminifu nimeupa nafasi."

Watu wakapiga makofi. Wenye mikopo walipiga polepole.

Miongoni mwa waliopiga polepole alikuwamo Bi Zawena, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kukopa hata chumvi. Aliyekopa ni mwanawe, Mbaruku, mwenye kiwanda cha magodoro. Alichukua mkopo Benki ya Fadhila akanunua mashine ya kukatia sponji, na rehani akaweka kiwanda chenyewe. Tangu hapo Bi Zawena hakumtazama Gavana kama wengine wanavyomtazama. Wengine waliona kitambi. Yeye aliona magodoro ya mwanawe yanaingia mle moja moja. Alisoma mpaka darasa la saba, basi, lakini wasiwasi hauulizi cheti.

*

Benki ya Fadhila nayo ilikuwa na huruma. Ikatoa dawa, ikaiita Kinga ya Riba. Bwana Jauhari, Mkuu wa Kitengo cha Kinga, mtu wa tai nyembamba na sauti ya kubembeleza mtoto, aliwaita wenye kampuni ukumbini akawaeleza.

"Ni jambo jepesi, ndugu zangu. Leo tunapima uzito wa Gavana, tunauandika. Akinenepa kupita hapo, riba ikapanda, ile ziada tunawalipia sisi benki. Akikonda, riba ikashuka, lile pengo mnatulipa nyinyi. Tunagawana raha na shida."

"Na akikonda sana?" aliuliza mmoja.

Bwana Jauhari akamtazama kwa upole. "Mzee wangu, umewahi kumwona Gavana akikonda?"

Ukumbi mzima ukacheka, hata aliyeuliza. Kwa kweli ilionekana benki ndiyo iliyorukwa na akili, na watu wakaanza kusukumana kutafuta kalamu.

Lakini kulikuwa na sheria. Wafadhili wa ng'ambo walishasema: kampuni isitie saini kinga kama hiyo mpaka ipate ushauri huru, kwa mtu asiye na maslahi. Baraza la Mawaziri likaketi juu ya neno hilo mpaka viti vikapata joto. Nani amlipe mshauri? Kampuni ikimlipa yenyewe, wakasema, atasema yanayoifaa kampuni, na huo ni upendeleo wa wazi. Waziri mmoja mtu mzima akakumbuka mila. Je, mshenga hulishwa na nani? Na upande wa bwana harusi. Anakula pilau yao, kisha anakwenda kwa wazazi wa msichana kuwaeleza tabia za kijana. Na nchi haijaoa ikazaa?

Basi ikapita. Mshauri Huru atalishwa na benki, naye atazishauri kampuni. Na kwa kuwa mila haikubali mtu kula kwa watu kisha akawasema vibaya, sheria ikaweka wazi kwamba mshauri husema kwa niaba ya mlo wake wa mwisho. Mshauri asiyekula ni mmbeya, na maneno yake hayaandikwi.

Washauri wa kutosha wangetoka wapi? Serikali ikawaandikisha washenga wote. Bi Zawena, aliyewahi kuunganisha nusu ya mji, ndoa zilizodumu na zilizovunjika kwa heshima, akapelekewa barua ya wito.

Alisailiwa na Karani wa Uhuru, kijana mwenye miwani.

"Mama, una mali?"

"Sina."

"Una ofisi?"

"Ofisi ya nini, mwanangu?"

"Una elimu yoyote ya mambo ya riba?"

"Najua ikipanda, mwanangu Mbaruku halali. Na yeye ndiye mwenye magodoro."

"Kwa hiyo hutegemei mali, ofisi wala elimu." Karani akaandika kwa furaha. "Huru kabisa. Hatujawahi kupata aliye huru kiasi hiki."

"Na huyo mwanangu ni mteja wao. Haidhuru?"

"Uhuru haujui mama wala mwana," akasema Karani, akagonga muhuri.

*

Usimlaumu haraka. Mwanamke mjane, anaamka asubuhi anapelekwa kwenye jengo lenye feni kila chumba. Chumba cha Washauri Huru kilikuwa ndani ya benki, lakini mlango wake ulipakwa rangi tofauti, kijani, ili uhuru uonekane hata kwa mbali. Adhuhuri inakuja pilau ya iliki, kuku wa kupaka, kachumbari, na juisi ya ukwaju. Jioni anafungiwa mchele na unga wa kwenda nao nyumbani. Kazi ni nini? Kuketi pembeni ya meza wakati kampuni inatia saini, na kujibu.

"Mshauri Huru, umekula?" anauliza Karani.

"Nimekula."

"Umeshauri?"

"Nimeshauri."

Kalamu inatembea, watu wanapeana mikono.

Siku ya kiwanda cha sabuni alikuja Bi Mize, rafiki yake wa tangu usichana, aliyesukana naye nywele kwa zamu. Bi Mize aliinama akamnong'oneza kabla ya kushika kalamu.

"Zawena, mwenzangu, mimi haya mambo siyajui. Niambie wewe. Yafaa?"

Bi Zawena alikuwa bado ana iliki ulimini. "Ni watu waungwana," akasema, na kwa kweli aliamini. Angewasemaje vingine, na mfupa wa kuku bado umo sahanini?

Bi Mize akatia saini.

Mwaka ukaisha hivyo, na Bi Zawena akanawiri. Kilichomkera ni kimoja tu: Mbaruku alikuwa hajatia. Kila Jumatatu Gavana alipanuka, na kila Jumatatu mama akamwendea mwanawe. "Tia, mwanangu, wenzio wote wameshatia, utabaki wewe peke yako uliwe na kitambi cha mtu." Mbaruku akajivuta, akajivuta, hatimaye akakubali. Siku ikapangwa, iwe Jumatano.

*

Jumanne yake, Bi Zawena alikuwa katikati ya sahani ya pilau pale sinia la Gavana lilipopita mlangoni.

Hapa ieleweke. Benki ya Fadhila ilikuwa inamlisha Gavana pia. Si kwa ubaya, ni ujirani mwema. Kila adhuhuri lilitoka jikoni sinia lenye mbuzi mzima amelalia wali, likabebwa na watu wawili wenye nguvu, likavuka barabara kwenda Benki Kuu. Bi Zawena alikuwa amelizoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani.

Siku hiyo sinia lilibebwa na mtu mmoja, kwa mkono mmoja, huku anapiga mluzi. Juu yake palikuwa na tango lililokatwa, kipande cha ndimu, na mchicha umelala pembeni kama umefiwa.

"Gavana anaumwa?" Bi Zawena alimuuliza mpishi, aliyesimama mlangoni amevimba kwa hasira.

"Angekuwa anaumwa ningemwombea. Ni amri ya Bwana Jauhari. Matango, mchicha na maji ya ndimu, mpaka kanzu yake ya harusi imwenee. Mimi, niliyepikia marais wanne, leo nakata matango."

"Kwa nini sasa?"

"Wanasema kampuni zimeshatimia. Imebaki moja tu, ya magodoro, kesho."

Akalirudisha tonge sahanini. Hakuwa mjuzi wa hesabu, wala haikuhitaji ujuzi. Aliyemnenepesha ndiye anayemkondesha. Gavana akikonda, pengo analipa aliyetia saini, na kitambi kile kilikuwa na nafasi ya kushuka ndefu kama kisima. Mbaruku hangelilipa. Kiwanda kingekwenda.

Akaisukuma sahani. Lakini nusu ilikuwa imeshaingia.

*

Alimkuta Mbaruku kiwandani, amesimama kwenye vumbi la sponji, anapimisha koti jipya la kuvaa kesho.

"Mwanangu, usitie."

Mbaruku akacheka. "Mama, mwaka mzima unanisukuma nitie. Leo nimeshona koti."

"Koti utavaa kwenye harusi. Usitie saini. Nimeona jambo jikoni kwao."

Uso wa Mbaruku ukabadilika, akatazama huku na huku kama wafanyakazi wanasikia. "Leo umekula wapi, Mama?"

"Huko huko benki."

"Umekula kwao, kisha unakuja kuwasema?"

"Nilikula nusu."

"Hata nusu. Mama, wewe ndiye uliyenifunza hili. Nikiwa mdogo ulinitandika kwa kusema mchuzi wa jirani una chumvi, na nilikuwa nimeonja kidole tu. Leo watu wakisikia mama yangu anakula kwa watu kisha anapita akiwatangaza, nitauza godoro kwa nani? Nani atalala juu ya godoro la mwana wa mmbeya?"

"Nisikilize mimi mama yako."

"Wewe mama yangu nakusikiliza. Wewe Mshauri ndiye nisiyeweza, umeshiba pilau ya watu." Akamshika bega, akalainika. "Una wasiwasi tu. Ulikuwa hivi hivi nilipopanda baiskeli. Nenda upumzike, kesho tutamaliza."

Ndivyo inavyokuwa. Unamfunza mtoto adabu ukidhani unamjenga, kumbe unajifungia mlango kwa nje.

Alirudi nyumbani na neno moja kichwani: mlo wa mwisho. Basi angalau kesho asiamke na mlo wa Fadhila tumboni. Akaenda jikoni kwake apike uji. Unga ulikuwa wa benki. Mchele wa benki. Sukari ya benki. Hata chai ilikuwa na nembo ya Fadhila, mikono miwili inapokezana bakuli. Akafunika kila kitu akalala na maji ya mtungi, ambayo alikuwa na hakika nayo kwa sababu aliyachota mwenyewe.

*

Jumatano ukumbi ulipambwa maua ya karatasi. Bwana Jauhari alitoa hotuba.

"Leo tunafunga pingu za kifedha baina ya sponji na mtaji. Historia itatuuliza, je, mlilala? Nasi tutajibu, tulilala, tena juu ya godoro bora." Akasubiri makofi, akayapata.

Mbaruku akaketi na koti lake jipya. Mkataba ukafunuliwa. Karani wa Uhuru akafungua kitabu cha utaratibu.

"Mshauri Huru, umekula?"

"Sijala," akasema Bi Zawena.

Karani akatazama kitabu. Akageuza ukurasa. Hapakuwa na jibu hilo.

"Mama, tuanze upya. Umekula?"

"Sijala, mwanangu. Tangu jana mchana."

Minong'ono ikapita. Bwana Jauhari akatabasamu kwa meno ya mbele tu. "Bi Zawena anatuaibisha sisi wenyeji. Leteni chakula."

Kikaletwa. Pilau ikawekwa mbele yake, akatazama dirishani. Ikaletwa biriani. Akaja kuku wa kupaka, mchuzi unatetemeka. Wakaleta sambusa, wakaleta halua, wakaleta kaimati zinazometa shira, na mtumishi mmoja akapeperusha moshi wa nyama choma kuelekea puani mwake kwa kipande cha mkeka. Tumbo la Bi Zawena likanguruma mpaka Karani akadhani ni swali.

"Tonge moja tu," alibembeleza Bwana Jauhari, ameshika kijiko kama mtu anayelisha kichanga. "Moja, kwa ajili ya taratibu."

Bi Zawena aliubana mdomo mpaka midomo ikapotea. Mikono yake ilikuwa inatetemeka juu ya meza, na Mbaruku akaiona. Ile mikono. Mtu akishakuwa mkurugenzi husahau mengi, lakini mikono ya mama ikitetemeka kwa njaa, hicho hakisahauliki kirahisi.

"Mama," akanong'ona, "kula basi. Utaanguka."

Hapo ndipo wazo lilipomjia Bi Zawena, ghafla, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani akakuta ndicho alichokuwa anakitafuta.

"Mbaruku. Wewe una chochote cha kula?"

"Mimi? Mbona hapa kuna vyakula vya kulisha kijiji?"

"Nimekuuliza wewe. Mfukoni una nini?"

"Mama, watu wanatutazama."

"Ndiyo kazi yao, wamevaa kwa ajili hiyo. Una nini?"

Mbaruku akatia mkono katika suruali yake, ambayo haikuwa mpya kama koti. Akatoa kashata ya karanga, imeng'atwa upande mmoja, na chembe za sponji zimeigandia. Akaona haya. Akataka kuirudisha. Akaitazama tena ile mikono, akampa.

Bwana Jauhari alinyoosha mkono kuizuia, lakini utamnyang'anya vipi mama chakula cha mwanawe mbele ya ukumbi? Bi Zawena akaila yote, na sponji yake, taratibu, kwa meno aliyobakiwa nayo. Kisha akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Sasa niulize, mwanangu."

Karani alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulikuwa umefunguliwa mbele yake. "Mshauri Huru, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula kwa nani?" Swali hilo lilikuwemo kitabuni siku zote, halikuwahi kuulizwa kwa sababu jibu lilikuwa likinukia.

"Kwa mwenye magodoro."

"Umeshauri?"

"Ndiyo nashauri. Asitie. Hao hao waliomnenepesha Gavana wanamkondesha. Tangu jana analishwa matango, na atalishwa hivyo mpaka kanzu yake ya harusi imwenee. Riba itaporomoka, na pengo tutalipa sisi."

Mtumishi wa nyama choma akaacha kupepea.

"Hii ni siri ya jikoni," akasema Bwana Jauhari.

"Kwa hiyo ni kweli?" akauliza Mbaruku.

"Sijasema ni kweli. Nimesema ni siri."

Mbaruku akaiweka kalamu chini, sambamba kabisa na karatasi, kama anavyopanga magodoro dukani. "Nitafikiri kidogo."

"Kufikiri hakumo katika utaratibu," alisema Karani, akikagua kurasa kwa bidii, lakini mama na mwana walikuwa wameshaupita mlango wa kijani.

*

Jumatatu zilizofuata nchi iliona ambacho haijawahi kuona. Gavana alipungua. Akapungua tena. Shingo ikatokeza, kisha mabega, kisha ikajulikana kwamba ana kiuno.

"Ndugu wananchi," alisema juu ya mizani, ameshikilia suruali kwa mkono mmoja, "sijakonda. Nimejibana kwa ajili ya taifa."

Riba ikaanguka. Mbaruku akalipa mkopo wake kwa wepesi, akaongeza mashine. Wenye Kinga wakaanza kulipa pengo, na lilikuwa pengo la haki, limepimwa kwa mizani ya serikali. Wizara ikatoa kanuni mpya kwamba chakula, kwa maana ya sheria, ni kile tu kilichopikwa na benki. Mlinzi akawekwa langoni kupekua mifuko ya wateja, na kwa wiki ya kwanza alikamata ndizi mbili na muhogo wa kuchoma. Bi Zawena akafutiwa uhuru wake, muhuri ukagongwa juu ya muhuri.

Sabuni za Bi Mize zikaanza kuwa ndogo. Zikawa ndogo kiasi kwamba mtu akinawa mkono mmoja, wa pili unangoja mwisho wa mwezi. Wasichana wa kufunga sabuni wakapunguzwa, kisha sufuria kubwa la kuchemshia likachukuliwa na gari la Fadhila.

Bi Zawena alikaa siku nyingi kabla hajaenda. Alipokwenda, alimkuta rafiki yake uani, anachemsha sabuni kwenye sufuria la nyumbani, la wali.

"Karibu," akasema Bi Mize bila kugeuka. "Umekula?"

"Sijala."

"Siku hizi huli. Nimesikia. Mji mzima umesikia." Akakoroga. "Mimi si msomi, Zawena, nakuuliza tu nijue. Kwangu ulikuja umeshiba, kwa mwanao ukaenda na njaa. Uliijuaje nyumba ya kuiendea na njaa?"

Bi Zawena akatazama povu. Angeweza kusema kwamba siku ile hakujua, na ingekuwa kweli. Ila Bi Mize hakuuliza alijua nini. Aliuliza kwa nini hakutafuta kujua.

Bi Mize akainuka, akaingia ndani, akatoka na sahani. Ugali, na kisamvu kilichobaki jana. Akaiweka mbele yake kwenye mkeka, akaketi kumkabili, akakunja mikono.

"Kula," akasema. "Kula ushibe. Halafu unishauri natokaje."

Bi Zawena akanawa, akamega, akachovya. Tonge likafika kooni, likakaa hapo, likakataa kushuka, na Bi Mize anamtazama, anangoja.